Posho ya Mlango wa Mbele

Chakula kilikuwa kimepashwa moto mara mbili. Mara ya tatu Mama Mkutubi alijiambia aache ujinga, akakifunika kwa sahani na kurudi kwenye pasi yake. Mkaa ulishakuwa majivu, lakini aliendelea kuisukuma juu ya shati la mtu, maana mikono yake ikikaa bure kichwa kilianza safari zake. Binti yake alikuwa amekwenda makao makuu kudai posho, na alitakiwa kurudi na basi la jioni. Basi la jioni liliingia. Mama alikuwepo pale kituoni, shali kichwani, akimtazama usoni kila anayeshuka, mpaka kondakta akamwuliza kama amepoteza mzigo. Alisema ndiyo. Simu ya binti haikupatikana, na yule dada wa kwenye simu, asiyechoka kusema kwamba mtu hapatikani, alikuwa amemchosha.

Wapo wanaoweza kusubiri huku wamelala. Yeye alisubiri kwa masikio. Gari likipita barabara kuu alilisikiliza hadi linapoishia. Mbwa akibweka alitaka kujua anambwekea nani. Aliwaza ajali, akawaza wezi, akawaza kwamba huko ofisini wamemfungia mtoto kwa kudai kwa sauti kubwa, ingawa alijua vizuri kwamba mtoto wake hajawahi kusema chochote kwa sauti kubwa tangu azaliwe.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa jingine, lakini mtaa ulishamwita kwa kazi ya binti yake na jina likamganda. Kazi yenyewe ilikuwa ngeni kwa watu. Walipoisikia mara ya kwanza walidhani mkutubi ni mtu wa kuhutubia mikutano, wakashangaa binti mkimya namna ile atahutubia nini. Mama aliwaeleza kwamba ni mtu wa kutunza vitabu kwenye maktaba, kuvipanga, kuviazimisha, na kuwafuata wasiorudisha. Jirani mmoja akauliza kama kuna mshahara kwa kazi hiyo. Mama akajibu upo, tena wa serikali, akabadilisha mazungumzo.

Yeye mwenyewe shule aliiacha mapema. Alijua kusoma, ila polepole, akiufuata mstari kwa kidole. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi nguo za watu, na kwa miaka yote hiyo alikuwa amezoea kuwasoma watu mgongoni. Shati likija mikononi mwake alijua huyu anaendesha gari, huyu amekaa kitini kutwa, huyu amebeba mizigo ingawa nyumbani amesema yuko ofisini. Mikunjo ya mtu anayesukuma kitu kizito hukaa katikati ya mabega, imebanana kama uso wa mtu aliyekasirika. Hakuna aliyemfundisha hayo, wala hakuna aliyemwuliza.

Habari ya posho ilikuwa hivi. Mshahara wa wakutubi ulikuwa mmoja nchi nzima; wakianza pamoja, wa jiji na wa kijijini walisaini kiasi kilekile. Tofauti ilikuwa kwenye nyongeza, na nyongeza ndiyo iliyoamua nani atakula vizuri. Wa jiji aliongezewa posho ya nyumba iliyokaribia nusu ya mshahara. Wa manispaa aliongezewa robo. Wa kule barabara inakoishia, ambako maji huletwa na punda, alipewa posho ya mazingira magumu. Wa wilaya za katikati hakupewa kitu. Walikuwa karibu mno kuhurumiwa na mbali mno kuheshimiwa. Ndivyo binti alivyosema siku moja akivua viatu, na mama akacheka hadi alipoona mwenzake hacheki.

Chuoni walikuwa marafiki watatu. Mmoja alipangiwa jiji, na posho yote aliichukua mwenye nyumba kabla haijapoa, lakini rafiki huyo alikuwa akituma picha za maktaba ya ghorofa, yenye mashine za kusomea magazeti ya zamani. Mwingine alipelekwa mpakani. Posho yake ya mazingira magumu ilichelewa kila mara, akaimalizia kwenye nauli za kuifuatilia. Binti akabaki hapa, akilala kwa mama yake, na watu wakamwambia ana bahati kwa sababu halipi kodi.

Kichekesho ni kwamba maktaba yake ilikuwa mpakani kwa namna yake. Uso wa jengo ulitazama barabara kuu, na barabara kuu ilikuwa ya manispaa. Mgongo wake ulitazama uchochoro, na uchochoro ulikuwa wa wilaya. Waraka wa makao makuu ulisema kituo kinahesabiwa upande ule ambao wasomaji wanaingilia. Zamani waliingilia mbele, na aliyekuwepo kabla ya binti alikula posho ya manispaa hadi akastaafu. Kisha ukachimbwa mtaro mbele ya mlango. Binti, mgeni kazini, akaona wazee wanaruka shimo na watoto wanatumbukia, akafungua mlango wa nyuma. Na kwa kuwa yeye ni mtu asiyeweza kuona kitu bila kukibandika jina, alikata ubao, akauandika kwa rangi nyeupe, herufi zimesimama kama askari: MLANGO UKO NYUMA. Chini yake akachora mshale.

Mkaguzi wa mwaka ule hakushuka hata kwenye gari. Aliusoma ubao, akaandika wilaya, akaenda zake. Mtaro ulikuja kufunikwa, lakini mlango wa mbele ulishavimba kwa mvua, na rafu ya magazeti yaliyojalidiwa ilishasogezwa ikauegemea kwa ndani. Watu wakazoea nyuma. Binti naye alizoea, ama ndivyo ilivyoonekana. Kila mtu mtaani alijua kwamba yule Mkutubi aliyejiandikia mwenyewe mshahara mdogo, tena kwa mwandiko mzuri, ndiye huyu.

Aliyechoka kwa niaba yake alikuwa mama. Ndiye aliyesema nenda, kadai, haki yako hiyo. Alisema asubuhi, akasema jioni, akasema kwa miezi, hadi binti akaomba ruhusa akapanda basi. Sasa mama alisimama katikati ya chumba na pasi baridi mkononi akijiuliza nani alimtuma aseme.

Kulikuwa kumeanza kupambazuka aliposikia hatua. Alizijua kabla hazijafika kwenye ngazi. Binti aliingia na mkoba begani, viatu mkononi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Basi lilikuwa limeharibika porini, akaeleza, na wakalala humo humo, na simu ikaisha chaji. Mama hakumgombeza. Alimwuliza kama amekula, akaenda kuwasha mkaa, na akiwa amempa mgongo akafuta macho kwa kona ya shali.

Binti alikula kidogo. Kisha akasema, "Watakuja kuuangalia mlango."

Mama akaacha mkaa, akamgeukia.

"Wanasema hawawezi kubadilisha kwa maneno. Mkaguzi atakuja, akute mlango wa mbele unafunguka na mtu anapita. Hapo ataandika manispaa, na posho itaanza mwezi unaofuata."

"Na usipofunguka?"

"Usipofunguka tunabaki wilaya." Binti aliugeuzageuza mkate kama mtu anayetafuta ukurasa. "Na wa wilaya ndio wanaohamishwa kwanza kwenda jiji. Nimeambiwa ombi langu liko juu kabisa. Wakituandika manispaa linafutwa."

"Ombi gani?"

"Nililiandika mwaka jana, mama. Kama akiba tu."

Mama alikaa kwenye kiti cha nguo, juu ya mashati ya watu, jambo ambalo hakuwa amelifanya maishani. Jiji lilikuwa mwendo wa siku nzima, ukibahatika. Alimtazama mtoto wake mmoja tu aliyenaye, miguu imevimba, macho mekundu, akasema kwa sauti ya mtu anayefunga biashara, "Basi utafunguka."

Siku hiyohiyo alikwenda kwa seremala. Mtaa ulimwita Fundi Kesho, kwa sababu hakuna kazi aliyowahi kuikataa wala aliyowahi kuianza siku aliyoombwa. Mama alimwambia kwamba safari hii hamwachi hata akojoe. Fundi akajibu kwamba kwa mama kama huyo angekuja hata jana, ila kesho ndiyo siku nzuri. Alikuja keshokutwa. Akaungoa ule ubao wa mshale, akatia mafuta kwenye bawaba, akaligonga komeo hadi kutu ikadondoka kama unga. Akasema mbao zimevimba zikashikana na fremu, na chini kuna saruji ya mtaro iliyomwagikia kwenye kizingiti. Zitaachia, akasema. Siyo leo.

Katika siku hizo za kumsubiri mkaguzi mama alikuwa akiona vitu. Hakuwa akivitafuta, macho yake yalikuwa hivyo. Aliona kwamba binti ameanza kubandika majina upya nyumbani. Chumvi na sukari zilikuwa nayo tangu zamani, na mtaa ulishawatania kwamba kwa Mama Mkutubi hata kijiko kina kitambulisho. Lakini sasa chupa za dawa za presha ziliandikwa ASUBUHI na JIONI kwa herufi kubwa, kubwa kuliko zinavyohitajika kwa mtu anayeishi na mtu wa kumkumbusha. Kwenye ukuta, juu ya swichi, ilibandikwa namba ya fundi umeme. Mama alifikiri ni wasiwasi wa ukaguzi, kwamba mtoto anatuliza mikono kwa kuandika, kama yeye anavyotuliza yake kwa pasi.

Usiku wa kuamkia ukaguzi binti alileta blauzi nyeupe ya kuvaa kesho. Kisha akaleta nyingine, na sketi zake zote, na koti ambalo halikuwa limevaliwa tangu mahafali.

"Zipige pasi zote, mama. Nisije nikakusumbua tena."

Mama alizipiga zote. Alilipiga koti mwisho, akilinyoosha mkono mmoja baada ya mwingine, na akaona kwamba limeshonwa kifungo kipya. Hakuuliza. Aliitundika blauzi mlangoni, nyeupe, laini kama karatasi ambayo haijaandikwa, akaenda kujilaza na kusikiliza magari.

Mkaguzi alifika kabla jua halijawa kali, akaingilia mlango wa nyuma kama kila mtu. Alikuwa mtu mzima, tai imelegea, na mkono mmoja wa shati lake ulikuwa na mistari miwili ya pasi, kwa hiyo mama akajua amelala nyumba ya wageni na kuipiga mwenyewe juu ya kitanda. Alimwamkia mama vizuri. Alisema hana ugomvi na mtu. Kituo hiki ni cha nne wiki hii, na posho yake ya safari inakatwa akichelewa kufika cha tano, kwa hiyo na yeye riziki yake imo kwenye huo mlango.

"Manispaa, wilaya, kwangu sawa," alisema. "Ukifunguka naandika umefunguka. Ila mtu apite, mama, siyo paka."

Maktaba ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye harufu ya gundi na vumbi. Rafu ya magazeti ilikuwa imesogezwa kando tangu jana, na mahali ilipokuwa imesimama sakafu ilionyesha rangi yake ya zamani. Mbele yao ulisimama mlango, mbao mbili nene zinazofungukia nje, rangi ya kijani imebabuka. Fundi Kesho alikuwa upande wa barabara na tindo, akichonga saruji ya kizingitini na kupiga soga na wapita njia. Alipomaliza alipiga mbao kwa nyundo, akapaza sauti kwamba sasa ni kazi yao wa ndani, wasukume.

Mkaguzi alirudi nyuma hatua moja na kufungua faili lake. Binti akaenda mlangoni. Akaweka viganja vyote viwili kwenye mbao, akainamisha kichwa, akasukuma.

Mlango haukutikisika.

Akasukuma tena. Alitoa pumzi kama mtu anayejitahidi, akageuza bega, akasogeza mguu. Mama alikuwa amesimama nyuma yake, karibu kabisa, akiomba kimoyomoyo, na macho yake yakafanya kazi yake bila kutumwa. Yaliitazama blauzi. Aliipiga mwenyewe, alijua kila uzi. Mtu aliyesukuma kwa nguvu namna ile, akihema namna ile, angekuwa ameshaikunja katikati ya mabega. Blauzi ilikuwa imelala kama alivyoitundika. Hapakuwa na kunyanzi hata moja.

Basi vitu vyote vikaja kwa pamoja na kukaa mahali pake: chupa za dawa, namba ya fundi umeme, koti na kifungo chake. Ombi la mwaka jana. Zile picha za maktaba ya ghorofa, ambazo binti alikuwa akizitazama muda mrefu kuliko anavyotazama sura za watu. Na miezi ile yote mama akisema kadai, kadai, kumbe mtoto alikwenda kudai kwa sababu ametumwa, kama alivyokuwa akitumwa chumvi.

"Nipishe kidogo," mama akamwambia.

Binti alisogea. Hakumtazama.

Mama akaegemeza bega lake mlangoni. Hakuwa mwanamke mkubwa, lakini mikono iliyosukuma pasi ya mkaa maisha yote si mikono ya kuchezea. Alisukuma mara moja, kwa uzito wake wote na wa usiku wake wote. Kitu kikalia ndani ya mbao. Akaisikia, begani, ile dalili ndogo ya kitu kilichoanza kukubali. Uzi wa mwanga ukajitokeza katikati ya mbao mbili, na pamoja nao sauti ya barabara kuu, karibu kabisa, mpya, kama redio iliyowashwa.

Msukumo mmoja tu ulikuwa umebaki. Alijua. Mtoto angebaki. Posho ingekuja, robo ya mshahara kila mwezi, na jioni angesikia hatua zile kwenye ngazi, mwaka huu, na mwaka ujao, na mwingine.

Akageuza uso, shavu bado liko kwenye mbao. Binti alikuwa akiutazama ule uzi wa mwanga. Hakuwa na hasira wala machozi. Alikuwa na uso wa mtu aliyekaa kituoni muda mrefu, akaliona basi lake linakuja, kisha akaona limejaa.

Mama akaondoa bega. Mbao zikarudi zenyewe, taratibu, na mwanga ukazimika.

Nje fundi alikuwa ameona. "Mama, umeshaachia huo," alisema, akigonga. "Sukuma mara moja tu, unatoka."

"Kesho, fundi," Mama Mkutubi akajibu.

Upande wa barabara mtu akacheka, na fundi akasikika akikusanya vifaa vyake na kunung'unika kwamba siku aliyofika leo ndiyo anaambiwa kesho.

Mkaguzi alimtazama mama, akautazama mlango, akamtazama binti. Alikuwa ameona uzi ule au hakuuona, usoni hakuonyesha. Kalamu yake ilibaki juu ya karatasi.

"Haufunguki?" aliuliza.

"Haufunguki, baba. Andika tu."

Aliandika. Ilimchukua muda mfupi kuliko kufungua kalamu. Akaomba maji, akanywa, akashukuru, akawaambia majibu ya uhamisho huwa hayakawii kwa walioko juu ya orodha, akatokea nyuma kuwahi kituo chake cha tano.

Walibaki wawili. Binti alikuwa amesimama palepale, mikono inaning'inia, na midomo yake ilitaka kusema kitu ambacho mama hakutaka kukisikia bado. Angekisikia jioni, wakila. Au siku atakayolivaa lile koti kuondoka.

"Haya, turudishe rafu mahali pake," mama akasema. "Watu watajikwaa."

Wakaishika, mmoja huku na mwingine kule. Ilikuwa nzito, miaka ya magazeti juu ya miaka. Binti akainama, akakaza miguu, akasukuma mpaka mshipa ukasimama shingoni, na rafu ikaburuzika kuelekea mlango wa mbele ikilalamika sakafuni, hadi ikauegemea na kutulia. Mama alisimama nyuma akipumua. Mgongoni mwa binti yake blauzi ilikuwa imekunjamana yote, kuanzia bega hata bega, na hapakuwa na namna isipokuwa kuipiga upya.